Je, wajua kwa nini ligi ya Komoro ina misimamo mitatu?

Mwanzoni mwa 2017 Yanga ilipangwa na Ngaya ya Komoro katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Nikafanya wanachofanya mashabiki wote droo ikitoka: nikatafuta msimamo wa ligi ya wapinzani, nione walimaliza na pointi ngapi na nani aliwafukuzia. Sikuupata. Nilikuta jedwali la timu za kisiwa cha Ngazija peke yake, la Nzuani peke yake, na la Mwali peke yake. Nikahitimisha kwamba kule hakuna ligi, kuna bonanza, na kijiweni nikalitangaza hilo kwa uhakika wote wa mtu asiyejua.

Nilikuwa nimekosea. Misimamo ile mitatu ndiyo ligi yenyewe. Kila kisiwa hucheza ligi yake, kinapata bingwa, kisha mabingwa wa visiwa hukutana kugombea ubingwa wa taifa. Ngaya, klabu ya Mdé huko Ngazija, ilikuwa imepita njia hiyo.

Kilichonipotosha ni dhana kwamba nchi ikiwa ndogo, ligi yake ni rahisi kuendesha. Komoro, ukikiacha kisiwa cha Maore kilicho chini ya Ufaransa, ina takriban kilomita za mraba 1,861, yaani imeizidi Unguja kidogo tu. Mimi nimezoea ligi ambayo timu ya Dar es Salaam hupanda basi kwenda Bukoba, safari ya kilomita zaidi ya elfu moja, na mechi inachezwa. Sasa hawa, nikajiuliza, wanashindwa nini? Sikuona kwamba basi la Bukoba lina barabara chini yake njia nzima. Likiharibika, linatengenezwa au linaletwa jingine. Bahari ikichafuka hakuna fundi wa kuitwa. Ugumu wa ligi haupimwi kwa ukubwa wa nchi, unapimwa kwa idadi ya safari ambazo haziwezi kufanywa kwa miguu wala kwa gari. Hili nililielewa kwa kuwaza futari.

Chukua mitaa mitatu, kila mtaa una nyumba nne. Wazee wanaamua kwamba kila nyumba lazima iialike kila nyumba nyingine futari mara moja. Nyumba 12, kila moja ina wageni 11 wa kuwaalika: futari 132. Ramadhani moja haitoshi, lakini tuendelee. Kati ya hizo, 36 ni za majirani wa mtaa mmoja, unavaa kandambili na kutoka. Zilizobaki 96 ni za mtaa kwa mtaa. Kama kati ya mtaa na mtaa kuna uchochoro tu, hakuna tatizo. Sasa uondoe uchochoro, uweke bahari. Kila mwaliko wa ng'ambo unataka boti au ndege, na mgeni haji peke yake, anakuja na watu zaidi ya ishirini: wachezaji, kocha, daktari, mtunza vifaa. Kusi likivuma, wageni wanakwama na futari inapoa. Tena ukichelewa mwaliko mmoja, unasukuma wa wiki inayofuata.

Wazee wakibadili utaratibu, mambo ni mengine kabisa. Kila mtaa ufuturishane wenyewe kwa wenyewe, zile 36. Mwishoni kila mtaa uchague nyumba moja, na nyumba hizo tatu zialikane, kwenda na kurudi. Hiyo ni mialiko sita. Kuvuka bahari kumeshuka kutoka mara 96 hadi mara sita, na bado amepatikana mmoja wa kuitwa bingwa wa wote. (Timu nne kwa kila kisiwa ni mfano wangu wa kurahisisha hesabu. Ukiongeza timu, pengo linazidi kupanuka.)

Aliyepita UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi Tanzania, ataitambua njia hii: wilaya, mkoa, taifa. Tofauti ni kwamba shuleni tunaiita mashindano, na huku inaitwa ligi kuu. Wala hatukuhitaji kwenda Komoro kuiona. Zanzibar nayo imewahi kuwa na ligi ya Unguja na ligi ya Pemba, timu za juu za pande zote zikakutana katika Nane Bora. São Tomé na Príncipe bingwa wa kisiwa kimoja hukabiliana na bingwa wa kingine. Cabo Verde ndiyo imenifurahisha zaidi: visiwa vyenye watu ni tisa lakini ligi za mikoa ni 11, kwa sababu Santiago na Santo Antão kila kimoja kimegawanywa kaskazini na kusini. Huko hata milima inahesabiwa kama bahari.

Kuna kishawishi cha kuiona ligi ya Komoro kama kioo cha siasa zake. Nzuani na Mwali vilijitangazia kujitenga mwaka 1997, na baada ya makubaliano ya Fomboni ya 2001 ikaja katiba ya urais wa kupokezana visiwa. Bendera ina nyota nne, ligi ina visiwa vitatu, kwa kuwa Maore iko chini ya Ufaransa na soka yake imo katika mfumo wa Kifaransa. Vinafanana, ndiyo. Ila mimi singesema kimoja kimezaa kingine. Bahari ilikuwepo kabla ya katiba zote, na Cabo Verde wana mfumo wa aina hiyohiyo bila kugombana.

Je, mfumo huu unadumaza kiwango? Hoja ipo: bingwa wa kisiwa hukutana na wakali wa ng'ambo mara chache, na ubingwa wa taifa unaamuliwa kwa mechi za kuhesabu kwa vidole, ambapo siku moja mbaya ina uzito mkubwa. Ila usitumie timu ya taifa kuthibitisha lolote. Komoro iliifunga Ghana 3-2 Januari 2022 katika Kombe la Mataifa ya Afrika, lakini wengi wa kikosi kile walikulia soka ya Ufaransa. Ushindi ule hauisifu ligi ya nyumbani, wala kichapo kisingeilaumu.

Ngaya wenyewe walifungwa 5-1 kwao, nikachekelea. Wiki moja baadaye walikuja Dar es Salaam, na Yanga, mbele ya mashabiki wake, ikatoka nao sare ya 1-1. Kijiweni siku hiyo sikwenda.