Mboga za maji ya chumvi: yanayosemwa na yalivyo

Mkoa wa Kigoma una Uvinza, na Uvinza ina chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakiyachemsha maji yake kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Misafara ya kati ya Ujiji na Tabora ilikuwa ikipita huko huko. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa huku kwamba chumvi huhifadhi chakula, hujamwambia jipya. Shida ni kwamba chumvi tumeizoea kwenye samaki, halafu hesabu ya samaki tunaihamishia kwenye kabichi na mboga nyingine tunazozichachusha kwa chumvi.

“Kinachohifadhi mboga ni chumvi.”

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Samaki wa chumvi hakai kwa bahati: chumvi nyingi na jua vimemnyang'anya maji mpaka vijidudu vikakosa pa kuishi. Kabichi iliyolazwa kwenye maji ya chumvi haikauki. Inayoilinda ni asidi ya laktiki, ile ile iliyomo kwenye maziwa ya mgando, na wanaoitengeneza ni bakteria waliotoka shambani pamoja na majani yenyewe. Chumvi ni bawabu tu: inawazuia wanaoozesha, inawapisha wanaochachusha. Mboga zikishachacha vizuri, ni uchachu unaozilinda.

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ushauri wa “ongeza chumvi ikae zaidi” haufai. Kabichi iliyokatwa nyembamba inataka gramu 25 hivi za chumvi kwa kilo moja. Kwa chumvi laini, hivyo ni vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa. Kwa chumvi ya chengachenga usiamini kijiko, tafuta mizani. Unaifikicha kabichi kwa mikono mpaka itoe maji yake yenyewe, unaishindilia. Matango madogo, karoti au papai bichi lililokatwa vipande hutengenezewa maji ya pembeni, gramu 50 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukizidisha mara tatu, hata wale bakteria wa uchachu wanazubaa, nawe unabaki na mboga mbichi yenye chumvi isiyolika. Ukipunguza mno, inalegea na kunuka.

“Chumvi yenye madini joto inaua uchachu.”

Haiui. Madini joto yanayotiwa kwenye chumvi ni kidogo sana, yapo kwa ajili ya kuzuia rovu. Maji yanaweza kuwa na ukungu kidogo au mboga ikabadilika rangi, basi. Usikimbilie chumvi isiyo na madini joto kwa sababu hiyo.

“Likitoa povu, limeoza.”

Povu la siku za mwanzo ni hewa ya ukaa inayotolewa na bakteria wakiwa kazini. Ni dalili njema, na ndiyo sababu mfuniko haubanwi kwa nguvu zote: chupa ya kioo iliyokazwa inaweza kupasuka. Utando mweupe mwembamba unaoelea juu huwa ni hamira ya mwituni. Hauna madhara, unaondolewa kwa kijiko, ingawa ukiachwa unaharibu ladha. Ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, huo ni mwingine. Wako wanaokwangua juu na kula ya chini. Mimi nasema mwaga yote, kabichi si dhahabu.

Ukungu huo unataka hewa, na dawa yake ni mboga kuzama. Weka jani zima la kabichi juu, kisha mfuko safi wa plastiki uliojazwa maji ya chumvi ugandamize. Jiwe la ziwani lililochemshwa nalo linafaa. Chombo kiwe kioo, udongo uliopakwa vizuri utando wa kioo au ndoo ya plastiki ya chakula, kamwe isiwe ndoo iliyowahi kuwa na rangi ya ukuta. Sufuria la alumini halifai, maana asidi na chumvi hulila.

“Ukishafunika, zitakaa mwaka mzima.”

Hapa ndipo tunapopotoshwa na maelekezo ya nchi za baridi. Poland au Urusi, mboga za kiangazi hutiwa kwenye mapipa zikisubiri majira ya baridi, na Korea shughuli ya kutengeneza kimchi ya baridi ni kubwa kiasi kwamba UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2013. Lakini kule stoo yenyewe ni baridi. Uchachu hufanya nusu ya kazi, hali ya hewa inamalizia. Kabichi hupenda kuchacha kwenye nyuzi 18 hadi 22 na hapo huchukua wiki tatu au zaidi. Kigoma mjini, pembeni mwa ziwa, mchana hufika nyuzi 28 au 30. Itachacha ndani ya siku chache, na usipoihamisha itaendelea mpaka ilegee na kuchukiza kwa ukali.

Kwa hiyo anza kuonja siku ya tatu. Ikifikia uchachu unaoupenda, ipeleke kwenye friji, na humo ndiyo inakaa miezi. Asiye na friji atengeneze kidogo kidogo, chupa ya kuliwa wiki mbili tatu, aiweke sehemu ya ndani yenye kivuli, juu ya mchanga uliolowanishwa. Tabora wana nafuu Juni na Julai, usiku unapopoa. Sisi wa ziwani tusijidanganye.

“Nikichemsha chupa zikajifunga, chochote humo ndani ni salama.”

Dhana hii inaweza kuua. Yupo bakteria anayeitwa Klostridiamu botulinamu, ambaye mbegu zake hustahimili maji yanayochemka. Hufishwa kwa nyuzi 121, na hizo hupatikana kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo tu. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Chupa iliyofungwa haina hewa, na bakteria huyu anapenda pasipo na hewa. Sumu yake haileti lazima harufu wala rangi. Kinachomzuia ni uchachu: chini ya pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, ikishuka uchachu umezidi) hawezi kuota, na kabichi iliyochacha sawasawa hushuka mpaka karibu 3.5.

Kwa maana hiyo maharage mabichi, au uyoga wa miombo uliochemshwa ukatiwa kwenye chupa na maji ya chumvi hafifu au mafuta, ni hatari iliyofungwa mfuniko. Uyoga huo wazee wa Unyamwezi huuanika, na wako sahihi.

“Kila mboga inaingia.”

Kabichi, karoti, matango, pilipili, papai bichi, maembe machanga: sawa. Mchicha utakupa uji wa kijani. Majani ya kunde yachemshe kidogo uyaanike yawe nsansa. Viazi vitamu vina michembe na matobolwa yake, yaani vipande vyake vilivyokaushwa, havina haja ya ndoo ya mtu. Nyanya zilizoiva hulegea ndani ya siku mbili, ila zile za kijani ngumu zinakubali vizuri, hasa ukitia kitunguu saumu na mbegu za giligilani.

Mwenye shinikizo la damu asuuze kabla ya kula, na ale kiasi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na gramu 100 za kabichi hii zinabeba karibu mbili na nusu. Siku unapoila na ugali na dagaa, dagaa wapikwe bila chumvi.