Bluu Ilinidanganya

Ukitaka kumfurahisha mgeni maabarani, chukua chupa ya maji yenye methilini bluu, rangi ya buluu ya maabara, tia vijiko viwili vya mkaa wa makapi ya miwa uliosagwa, tikisa, subiri, chuja. Maji yanatoka meupe pe. Nimewaonyesha wanafunzi mchezo huo miaka mingi, na hawakosi kupiga makofi.

Siku moja nikaubeba mkaa uleule hadi Obunga, hapa Kisumu, kwa mama mmoja anayepiga batiki nyuma ya nyumba yake. Maji anayosuuzia vitambaa huenda mtaroni, yakaingia Mto Kisat, mwisho wake ziwani. Nilishindilia mkaa kwenye ndoo niliyoitoboa chini, nikamimina. Yaliingia mekundu, yakatoka mekundu.

“Mwalimu,” akasema, “hiyo dawa yako imelala.”

Makapi ya miwa sikuyachagua kwa bahati nasibu. Viwanda vya sukari viko jirani, upande wa Muhoroni na Chemelil, na ingawa vyenyewe huyachoma kwenye boila, kupata magunia machache si kazi. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Mkaa hauli uchafu, wala haunywi rangi kama sponji inywavyo maji. Molekuli za rangi hunata juu ya uso wake, na uso huo ni mpana ajabu kwa sababu ya vitundu visivyoonekana kwa macho. Gramu moja ya mkaa ulioamilishwa vizuri, yaani uliozidishiwa vitundu kwa mvuke au kwa kemikali, huweza kufikia mita 1,000 za mraba. Vijiko vitatu vya chai vinatosha kuwa uwanja mzima wa mpira. Ila uwanja ukiwa mpana na mchezaji hataki kuingia, utafanyaje? Methilini bluu ina chaji chanya ya umeme. Mkaa wa mimea uliochomwa tu, kama wangu, mara nyingi huwa na chaji hasi usoni, kwa hiyo viwili hivyo huvutana. Rangi za pamba za yule mama zina chaji hasi, tena hutiwa magadi ili zishike kwenye nyuzi. Magadi huipandisha pH ya maji (kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi) hadi 10 au 11, na hapo uso wa mkaa huzidi kuwa hasi. Nilikuwa nawasukuma watu wawili waliokwisha kununiana.

Tuliporudia, nilitia siki kwanza. Povu likafurika (magadi yakikutana na asidi hutoa kabonidioksaidi), pH ikashuka hadi karibu 4, na safari hii tukauacha mkaa ndani ya maji usiku kucha badala ya kumimina na kupita. Asubuhi maji yalikuwa ya waridi hafifu. Hayakuwa meupe, lakini mama alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla ya kuyamwaga tuliyarudishia maji ya jivu, maana kumwaga asidi mtaroni ni kubadilisha uchafu kwa uchafu.

Gharama ya siki hakuipenda, nami simlaumu. Sasa ninajaribu kuuamilisha mkaa wenyewe, na kila jaribio nalifanya kwa maji yake halisi, si kwa bluu.

Umebaki ule mkaa uliojaa rangi. Ukiuosha kwa maji ya magadi, wekundu unarudi ndooni. Mama aliuliza kama anaweza kuupikia ugali. Nilikataa, nikaubeba mwenyewe, na gunia bado liko stoo yangu, limefungwa kwa kamba.