Johnson hapimiki kwa mizani moja

Kila ninapofundisha urais wa Marekani wa karne ya 20, tukifika kwa Lyndon Johnson swali huwa lilelile: Mwalimu, alikuwa rais mzuri au mbaya? Wanafunzi wamekwisha kusoma kwamba alitia saini sheria zilizowarudishia Wamarekani weusi haki zao, na kwamba ndiye aliyepeleka vijana zaidi ya nusu milioni Vietnam. Wanataka niweke hili upande mmoja wa mizani na lile upande wa pili, kisha niwasomee uzito. Huwa nakataa.

Mama wa Mississippi aliyepiga kura kwa mara ya kwanza katika miaka ile na mama wa Vietnam aliyezika watoto wake hawawezi kufutiana hesabu. Furaha ya mmoja hailipi deni la mwenzake. Ninachoweza kufanya ni kuchukua kila tendo peke yake na kulifuata: lilitoka wapi, mwenyewe alidhani litaleta nini, na lilileta nini alipokwisha kuondoka Ikulu.

Tuanze na lile alilojivunia. Johnson alikuwa mtu wa Texas aliyeingia Bungeni mwaka 1937, na kwa miaka 20 alipiga kura pamoja na wenzake wa Kusini kuangusha miswada ya haki za watu weusi. Huyo ndiye, akiwa makamu wa rais, aliyejikuta rais tarehe 22 Novemba 1963, Rais Kennedy alipouawa Dallas. Seneti aliijua kama mvuvi anavyoijua miamba ya kwao: nani ana deni, nani anataka sifa, nani anaogopa uchaguzi. Maseneta wa Kusini walihutubia kwa wiki nyingi, makusudi, ili muswada wa haki za kiraia ufie mikononi mwao. Ili kuwanyamazisha zilihitajika kura 67, na chama chake cha Democratic peke yake hakikuwa nazo. Johnson akamwagiza Hubert Humphrey, seneta wa chama chake, ambembeleze Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublican katika Seneti, na ahakikishe sifa zinamwendea Dirksen. Tarehe 10 Juni 1964 kura 71 dhidi ya 29 zilikata mjadala. Seneti haikuwahi kufanya hivyo kwa muswada wa haki za kiraia.

Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji kwenye daraja la mji wa Selma, Alabama. Ilipeleka waandikishaji wa serikali kuu katika wilaya ambako mtu mweusi alikuwa akifukuzwa ofisini anapokwenda kujiandikisha, na ikayalazimisha majimbo yenye historia hiyo kuomba kibali kabla ya kubadilisha kanuni yoyote ya uchaguzi. Mississippi, kabla ya sheria, watu weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila 100. Mwaka 1967 walikaribia 60. Ni sheria chache sana ninazozijua zilizobadilisha maisha ya watu kwa kasi namna hiyo. Lakini mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliondoa kigezo kilichoonyesha ni majimbo gani yaombe kibali, na kibali chenyewe kikabaki jina tu. Kwa hiyo hata jengo hili, lililo imara kuliko yote aliyojenga, limeng'olewa nguzo.

Bima ya afya ya wazee na ya maskini, aliyoitia saini Julai 1965, nitaipita tu. Ipo hadi leo na hakuna rais aliyethubutu kuifuta.

Sasa Vietnam, ambako karibu kila kitu tulichofundishwa zamani kimebidi kisomwe upya. Johnson alikuwa akirekodi simu zake. Aliagiza kanda zifungwe kwa miaka 50 baada ya kifo chake, lakini maktaba yake mjini Austin ilianza kuzifungua miaka ya 1990. Katika simu ya tarehe 27 Mei 1964 anamwambia mshauri wake wa usalama, McGeorge Bundy, kwamba haoni kama vita hiyo inastahili kupiganwa, na haoni pia njia ya kutoka. Angalieni tarehe. Wakati huo Marekani ilikuwa bado haijapeleka vikosi vya mapigano, ila washauri wa kijeshi wapatao 16,000. Miezi miwili na ushei baadaye alilieleza Bunge kwamba meli zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin, na shambulio la pili halikutokea. Bunge likampa ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416 kwa 0, na Seneti 88 kwa 2.

Kabla ya kanda hizo tuliweza kumwona kama mtu aliyeamini ushindi na kupotoshwa na majenerali. Baada ya kuzisikia, lawama imekuwa nzito zaidi, kwa sababu shaka alikuwa nayo tangu mwanzo. Aliogopa kuitwa rais aliyeipoteza Vietnam, kama Rais Truman alivyosutwa China ilipoangukia mikononi mwa wakomunisti, na aliogopa kwamba fedheha hiyo ingeziua sheria zake za ndani. Vita na sheria vililala kitanda kimoja. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mwiba huu ulidunga miili ya wengine.

Jambo la tatu ndilo ninalolipenda kulisimulia, kwa sababu linatugusa sisi tunaosoma Kiswahili. Tarehe 3 Oktoba 1965, chini ya Sanamu ya Uhuru huko New York, Johnson alitia saini sheria ya uhamiaji. Iliondoa mgawo wa tangu miaka ya 1920 uliopendelea Ulaya ya Kaskazini na kuziachia nchi nyingi nyingine nafasi 100 tu kwa mwaka. Siku hiyohiyo, kwa kinywa chake, alisema sheria hiyo si ya kimapinduzi na haigusi maisha ya mamilioni. Mbunge Michael Feighan wa Ohio alikuwa amesisitiza kipaumbele kiwe kwa jamaa za walioko Marekani tayari, akiamini Wazungu wataita Wazungu wenzao na nchi itabaki na sura ileile.

Wote wawili walikosea. Ulaya ilikuwa inastawi, watu wake hawakuwa na haraka ya kuhama. Waliotumia mlango ule ni Waasia, na polepole Waafrika: aliyekuja kusoma akapata kazi, akamwita mke, mke akamwita ndugu. Mwaka 1970 Marekani ilikuwa na wakazi wapatao 80,000 waliozaliwa Afrika. Kufikia 2015 walizidi milioni 2. Sheria nyingine zilichangia, hasa ile ya 1990 iliyoleta bahati nasibu ya visa, lakini mlango ulifunguliwa siku ile. Na sheria hiyohiyo ndiyo iliyoweka kwa mara ya kwanza kikomo kwa wahamiaji wa bara la Amerika lenyewe, ikawageuza Wamexico wengi waliokuwa wakienda na kurudi kuwa watu wasio na karatasi. Hilo nalo ni lake.

Desemba 1972, akiwa mgonjwa wa moyo, Johnson alikwenda kwenye mkutano kuhusu haki za kiraia katika maktaba yake Austin. Akiwa jukwaani alitumia kidonge cha moyo, kisha akaendelea kusema. Aliwaambia waliokusanyika wasipoteze siku mbili kuzungumzia yaliyofanyika, maana yaliyofanyika ni machache mno, na kwamba anaona haya kuwa alikuwa na miaka sita na hakufanya zaidi. Alifariki tarehe 22 Januari 1973, siku tano kabla ya mkataba wa Paris wa kusimamisha vita vya Vietnam kutiwa saini.