Kilomita tupu nazo hulipiwa

Nafanya hesabu za wenye Noah na bajaji hapa Mtwara, na kuna kauli nimeichoka: "Ikija tozo ya barabara kwa kilomita, mimi nitalipia zile nilizobeba abiria." Hapana. Utalipia zote.

Tanzania bado tunalipia barabara ndani ya lita ya mafuta, na fedha hizo huingia Mfuko wa Barabara. Hata kwa utaratibu huu, ukirudi mtupu umelipa, kwa sababu mafuta yameungua. Kinachowachanganya watu ni programu za kuita usafiri, ambazo huanza kuhesabu abiria anapopanda na kuacha anaposhuka. Ile ni nauli. Tozo ya umbali hufuata mwendo wa gari, pamoja na kumfuata abiria na kurudi stendi.

Tufanye tozo ni shilingi 30 kwa kilomita. Kiwango nimekitunga ili tupige hesabu. Umetoka Mtwara mjini na mtu mmoja hadi Mikindani, tuseme kilomita 10, ukageuza bila abiria. Gari limetembea kilomita 20, tozo ni 600, na yote imebebwa na nauli ya mtu mmoja. Ungepakia wanne kwenda na wanne kurudi, 600 ile ile ingegawanywa kwa watu wanane, shilingi 75 kila mmoja. Ndiyo maana nasema tozo ya namna hii inambeba anayepakia watu pamoja na inamuumiza anayezurura akitafuta kichwa. Msimu wa korosho ndio unaonisikitisha zaidi: gari linashusha watu Tandahimba, dereva hana subira, anarudi na viti vitupu, jioni tajiri anauliza kwa nini hesabu haijatimia.

Kwa hiyo nunua daftari. Andika odometa (namba ya kilomita kwenye dashibodi) asubuhi, kila abiria wa kwanza anapopanda, wa mwisho anaposhuka, na usiku. Weka safu ya kilomita tupu. Nimewaambia wote, wanaoandika ni wachache, na hao wachache ndio wanaojua gari lao linakula nini.

Kuna na kauli nyingine ninazozisikia, nazijibu moja moja. "Abiria wengi, tozo kubwa." Tozo hukaa kwenye gari, si kwenye kichwa. Kinachopandisha kiwango kwa kawaida ni uzito wa gari na idadi ya ekseli.

"Lazima wakufuatilie kwa setilaiti." New Zealand wanatoza magari ya dizeli kwa umbali tangu 1978, na mwenye gari dogo hununua kilomita 1,000 kwa 1,000 kufuatana na odometa. Tena mabasi yetu ya kwenda Dar tayari yana kifaa cha kufuatilia mwendo cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na mnayapanda kila siku.

"Rodi laisensi ilifutwa, barabara ni bure." Ada hiyo ya mwaka ya gari ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, na mafuta yakaongezwa shilingi 40 kwa lita. Ulihamishiwa pampu, hukusamehewa.

"Nitanunua bajaji ya umeme nikwepe." Kwa sasa hulipi kwenye mafuta, kweli. Lakini ni magari hayo hayo yanayozisukuma nchi kwenye tozo ya umbali: Iceland walianza kuyatoza kwa kilomita Januari 2024, New Zealand Aprili mwaka huo huo. Ukiinunua, inunue kwa sababu gharama ya kuiendesha inakulipa, na ukiipiga hesabu weka nafasi ya tozo hiyo tangu mwanzo.