Programu huria ni nini?

Kiswahili kinaturahisishia jambo hili. Kiingereza hutumia neno lilelile, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kwa mtu asiyefungwa, ndiyo maana wanaotetea programu za aina hii hawaachi kujieleza. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", na kutoka huru tukapata "huria", kama katika soko huria. Programu huria yaweza hata kuuzwa. Uhuria wake ni haki anazopewa aliye nayo: kuitumia kwa kazi yoyote, kuusoma msimbo wake (maandishi ya mtunzi yanayoielekeza kompyuta la kufanya) na kuubadilisha, kuwapa wengine nakala, na kuwagawia pia ile aliyoirekebisha mwenyewe.

Mtetezi wake mkuu ni Richard Stallman, aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika chuo cha MIT, Marekani. Printa ya zamani ya maabara yao aliirekebishia programu, ikawa inawaarifu watu karatasi zinapokwama. Ikaja mpya kutoka Xerox, nayo ikikwama vilevile, lakini bila msimbo. Stallman akamfuata mtu aliyekuwa nao, akanyimwa: mwenzake alishaweka ahadi ya kutoutoa. Kwake huko kulikuwa ni kuwakatalia wenzio msaada ulio mkononi mwako. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo endeshi wa kompyuta ulio huria, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, yaani masharti ya kutumia na kusambaza programu hizo.

Leseni hiyo naiona kuwa ubunifu mkubwa kuliko programu yoyote waliyoiandika watu wa GNU. Hakimiliki, ambayo watu walizoea kuitumia kuzuia, hapa inatumika kuhakikisha hakuna anayezuiwa. Ukiiboresha programu kisha ukaisambaza, sharti uwaachie watu haki zilezile ulizozikuta. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambayo ni kiini cha mfumo endeshi, aliiweka chini ya GPL mwaka 1992, na leo Linux ndiyo iliyo ndani ya kila simu ya Android.

Wazo hilo halikubaki kwenye kompyuta. Wikipedia ilipoanza mwaka 2001 ilitumia leseni iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya GNU, na kwa hiyo makala aliyoianza mmoja hukamilishwa na mwingine asiyemjua.

Kwetu, mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Watafsiri hawakungoja kampuni ipige hesabu kama Waswahili wana faida sokoni. Msimbo ulikuwa wazi, wakaingia kazini.