Dokumentari ya igizo la shule: mhoji mtu kabla hajapata jibu

Klabu ya filamu ikishapata ruhusa ya kufuatilia maandalizi ya igizo la muziki, wanafunzi hukimbilia kamera. Wiki sita baadaye wana video za saa 40 za wenzao wakirudia ubeti uleule, na hakuna anayejua filamu inamhusu nani. Mwalimu mlezi, dawa yake ni kupanga, na kupanga huku hakuanzi na vifaa.

Mtindo wa uhalisia, ule wa vipindi vya televisheni ambamo mhusika huitwa pembeni aeleze yaliyo moyoni, unategemea jambo moja: siku ya kurekodi, jibu liwe bado halijajulikana. Binti anayegombea nafasi ya kuimba peke yake ahojiwe kabla orodha ya majina haijabandikwa ubaoni. Ukingoja hata kesho yake, atasimulia akiwa ameshatulia. Hofu ile imekwenda, na ukimwomba aiigize kila mtu ataona.

Kwa hiyo chukua ratiba ya mwalimu wa muziki, zungushia duara kila siku yenye jibu: usaili, orodha, siku ya kwanza ya kuimba bila karatasi, siku ya kuhamia jukwaani, mazoezi ya mwisho wakiwa na mavazi, na onyesho lenyewe. Kila duara lipate mahojiano mawili ya siku ileile, moja kabla na moja baada. Siku zisizo na duara, nusu saa ya kurekodi yatosha.

Wahusika wanne wanatosha filamu ya dakika 20. Usichague sauti nne nzuri. Tafuta mwenye nafasi kubwa, asiye na uhakika kama ataweza, mmoja wa nyuma ya pazia kama mshona mavazi, na mtu mzima mmoja, mara nyingi mwalimu wa kwaya. Anza na sita, maana kuna atakayeugua na kuna atakayekatazwa nyumbani.

Ruhusa isiachwe hadi mwisho. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hivyo usitegemee saini ya mwanafunzi peke yake. Fomu ya mzazi iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na iseme filamu itaonyeshwa wapi (ukumbini tu au YouTube pia), nani atatunza video, na mzazi afanye nini akibadili mawazo. Wasioruhusiwa wavae utepe wa rangi mkononi wakati wa mazoezi, ili mpiga picha awaepuke palepale. Na mtoto akisema "zima", kamera izimwe bila mjadala. Hili silipunguzi hata kidogo.

Nyimbo nazo: kibali cha kuimba wimbo wa mtu jukwaani si kibali cha kuurekodi wala kuuweka mtandaoni. Kwa nyimbo za hapa nyumbani, anzia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na uanze mapema.

Sasa sauti, ambayo ndiyo inayoua filamu nyingi za shule. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini maneno yasiposikika anaondoka. Dar es Salaam ina maadui zake: pangaboi, jenereta ya jirani, bajaji nje ya dirisha, na mvua za masika kati ya Machi na Mei zikipiga bati la bwalo. Kama una usemi katika kupanga tarehe, sukuma igizo hadi muhula wa pili. Kwa mahojiano, tafuta stoo ya vitabu au chumba chenye mapazia, zima pangaboi, vumilia joto kwa dakika kumi. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mtandio na mkufu, maana vikisugua vinatoa mkwaruzo usiofutika. Ichomeke kwenye simu ya pili iliyo mfukoni mwa mhojiwa, ikiwa kwenye hali ya ndege, kisha pigeni makofi mara moja mbele ya kamera ili mhariri aoanishe sauti na picha. Kabla ya kuondoka, nyamazeni wote sekunde 30 mrekodi ukimya wa chumba. Ndio utakaoziba mapengo ya kuhariri.

Nyimbo zina shida yake. Kwaya haiimbi kwa kasi ileile mara mbili, hivyo picha za Jumatatu hazitalingana na sauti ya Alhamisi. Chagua sauti ya mara moja tu, nzima, itolewe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya ukumbi ikiwezekana, na picha nyingine zote ziifuate hiyo.

Picha ni rahisi zaidi. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, yaani hubadilika mara 50 kwa sekunde, na ukiweka vinginevyo taa za tyubu huweza kuleta mistari inayotembea kwenye video. Usimkalishe mtu dirisha likiwa nyuma yake. Simu hupimia mwanga wa nje na uso unakuwa mweusi usioonekana macho.

Mhoji afundishwe jambo moja: swali lake litakatwa. "Ulijisikiaje?" huleta "vibaya", neno lisilofaa kitu likiwa peke yake. Aseme: "Nieleze ulipofika ubaoni, ukianza na 'Nilipofika ubaoni'." Kisha anyamaze. Baada ya jibu ahesabu hadi tano kimoyomoyo, maana sentensi nzuri mara nyingi huja wakati huo.

Video ya HD hula takribani GB 8 kwa saa. Saa 15 ni GB 120, na kila kitu kiwe na nakala mbili kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti. Kadi mpya ijazwe video mpaka mwisho na kuchezwa yote kabla ya kutumika, kwani kadi bandia huandikwa GB 128 na kubeba sehemu ndogo tu.

Katika kuhariri, kataza kuhamisha sura. Kicheko cha Jumanne kisibandikwe juu ya kosa la mwenzake la Ijumaa, hata kama vipindi vikubwa hufanya hivyo. Waonyeshe wahusika wiki moja kabla ya hadhara. Atakayesema "sikumaanisha hivyo", mfungulieni jibu lake lote mlisikilize naye, na kama mkato umelipotosha, maneno yaliyokatwa yarudishwe.