Ukuta wa futi nane, na swali ambalo sikuuliza

Ukuta ulioanguka ulikuwa wa futi nane kamili. Nalijua hilo kwa sababu ramani yake niliipitia mimi. Ulikuwa upande wa Mtopanga, Mombasa: bloki za inchi sita, nguzo kila mita tatu, plasta safi, rangi ya maziwa. Masika ya kwanza tangu ujengwe, mvua ilinyesha usiku kucha, na kabla ya adhana ya alfajiri kipande kimoja, kutoka nguzo hadi nguzo, kikalala kifudifudi juu ya kichochoro cha majirani. Mungu bariki, saa ile hakuna aliyekuwa akipita.

Mwenye nyumba, bi mkubwa mmoja mjane, alinipigia simu mapema. Nilipofika alikuwa amesimama uani kashika ncha ya leso, matope yakimfika kifundoni.

"Mwanangu, si uliniambia kila kitu kiko sawa?"

Nilimwambia hivyo kweli. Nilipima urefu, nikatazama msingi, nikahakikisha mstari haukuingia kwa jirani. Sikuuliza maji ya huko juu yatapita wapi. Pale pale palikuwa na ua wa michongoma miaka nenda miaka rudi, na kila mvua ikinyesha maji yalichuja kati ya mashina yakateremka zake kuelekea kwenye mkono wa bahari. Sisi tukayajengea bwawa, tukaliita ukuta.

Hesabu yake si ngumu. Maji ya kina cha sentimita 30 yakituama nyuma ya ukuta, kila mita moja ya ukuta ule husukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 45. Yakifika sentimita 60 si kilo 90 kama unavyodhani, ni karibu 180, kwa kuwa kina kikizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Kwenye kipande cha mita tatu, hiyo ni zaidi ya nusu tani, na inasukuma upande ambao fundi hakuutarajia. Wakati huohuo udongo wa chini unalainika. Matundu ya inchi nne usawa wa ardhi, kila mita moja na nusu hivi, yangetosha kuokoa ukuta ule. Gharama yake ni vipande vya paipu.

Ndiyo maana kila linapozuka suala la kurekebisha kanuni za nyua hapa Mombasa, na watu wakaanza kubishana futi sita au futi nane, mimi huona tumeanzia mkiani. Kazi yenyewe ni ya kaunti, hilo halina ubishi: Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 limeitaja mipaka na nyua miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 nayo inataka kibali kabla ya kuendeleza ardhi, na ukikataliwa una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti. Lakini fikra tunazotumia bado ni za kanuni za ujenzi za 1968, za enzi za mabaraza ya miji. Zilizoea kumuuliza mtu ukuta wako una urefu gani. Mimi ningeanza na: ukuta wako unaziba nini?

Unaweza kuziba maji, kama ule. Unaweza kuziba macho ya dereva. Kwenye viwanja vya kona, ukuta mzima unaofika hadi ncha ya kiwanja humfanya mwenye tuktuk atoe pua barabarani kwanza ndipo aone kinachokuja. Pendekezo langu: pembe ile ikatwe mita tatu kila upande, na ndani ya pembetatu hiyo kisipande chochote kupita sentimita 90, hata maua. Wenye viwanja vya kona hawalipendi, na ninawaelewa, ardhi ni ghali.

Halafu kuna upepo. Watu wa pwani tunajenga ukuta mzima pande zote nne, tukishamaliza tunanunua feni. Ukiwagusia habari ya ukuta wenye matundu wanakujibu kwa neno moja: sitara. Ni haki yao, na kanuni isiyojua maana ya sitara haitadumu Mombasa hata wiki. Ila wazee wetu waliipata sitara bila futi nane. Tazama nyumba za mawe za Kiswahili: kuna daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, kuna baraza nje, na njia ya kuingilia imepindishwa, ukisimama mlangoni huoni ndani. Kwa hiyo upande wa mbele ningeruhusu ukuta mzima hadi mita 1.2, juu yake bloki za matundu, na mbele ya mlango kikingio kifupi. Ubavuni na nyuma, mtu ajisitiri apendavyo, mradi maji yapite.

Vipande vya chupa juu ya ukuta ulio usawa wa uso wa mpita njia? Marufuku. Hilo sina haja ya kulieleza.

Lililo gumu zaidi ni la nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni, Likoni, wapo watu wanaomiliki nyumba huku kiwanja ni cha mwingine, nao humlipa kodi ya ardhi. Fomu ya kibali inaulizia hati ya kiwanja. Huyu hana hati, ana risiti za kodi na nyumba aliyorithi kwa babake. Matokeo yake anajenga ua usiku wa Jumamosi, na tunamwita mvunja sheria. Kanuni mpya zingeweza kumfungulia mlango mdogo: ua mwepesi, wa mabati au wa fito na makuti, kwa barua ya ridhaa ya mwenye ardhi. Ua wa namna hiyo unang'oka siku mbili, haumdhuru yeyote. Asiguse tu jiwe la mpaka. Kuling'oa au kulisogeza ni kosa la jinai, liwe chini ya ukuta wa nani.

Bi mkubwa alijenga upya, safari hii na matundu. Nilipita kumwamkia masika yaliyofuata, nikakuta mawili kati yake yamezibwa kwa matambara.

"Panya, mwanangu. Na paka wa jirani."

Nikarudi ofisini, nikaongeza neno moja kwenye mapendekezo yangu, baada ya "matundu ya inchi nne": yenye wavu.